Kufundisha Utafutaji wa Chanzo cha Hitilafu: Mfano wa Kengele za Feni na Volteji katika Kompyuta ya Shule

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi aelewe namna ya kuwaongoza wanafunzi katika kutafuta chanzo cha hitilafu. Mfano tulioutumia ni wa kompyuta inayotoa kengele kuhusu feni na volteji zake. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu yeyote atakayekabidhiwa kompyuta ya shule atakutana na kengele hizo mapema au baadaye. Pili, mfano huu ulimfundisha mwandishi wa makala haya somo ambalo angependa wengine walipate bila hasara aliyoipata yeye.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwandishi alikuwa na kundi la wanachuo katika shule moja ya msingi mjini Njombe. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ilikuwa kali. Kompyuta ya shule hiyo, iliyokuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa Linux, ilionyesha neno ALARM mbele ya kipimo cha feni. Wanachuo waliuliza maana yake. Mwandishi alitazama kidogo akajibu, "Ni baridi tu, msiijali." Jibu lile lilikuwa sahihi kwa mashine ile na kwa siku ile. Mwaka uliofuata mmoja wa wanachuo wale alipangiwa kazi katika shule iliyo karibu na Makambako, yapata kilomita 60 kutoka Njombe. Huko aliliona neno lile lile mbele ya feni, na kwa uaminifu kabisa akawaambia wenzake, "Mkufunzi alisema ni baridi tu." Baada ya wiki chache mashine ilianza kujizima yenyewe nyakati za mchana. Siku moja ilijizima wakati alama za mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba zikiingizwa, na faili likaharibika. Walimu walizinakili alama upya kutoka kwenye karatasi kwa siku mbili. Mwalimu mkuu, kwa hofu ya hasara zaidi, akaifungia kompyuta stoo, na wanafunzi wakakosa kuitumia kwa muhula mzima.

Kosa halikuwa la kijana yule. Alifundishwa jibu, naye akalifikisha jibu kama alivyolipokea. Hakufundishwa njia iliyotumika kulipata jibu hilo.

Kengele ni nini?

Katika bodi kuu ya kompyuta mna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kupima. Hupima mwendo wa feni, joto la prosesa, na volteji za sehemu mbalimbali. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, vipimo hivi husomwa kwa programu iitwayo lm-sensors. Herufi lm zinatokana na chipu za LM75 na LM78 za kampuni ya National Semiconductor ya Marekani. Mtumiaji akiandika amri ya sensors, huletewa orodha ya vipimo kwenye kioo.

Kila mstari wa orodha hiyo una sehemu nne: jina la kitu kinachopimwa, kipimo chenyewe, kikomo cha chini au cha juu, na wakati mwingine neno ALARM. Neno hilo huandikwa pale chipu inapoona kwamba kipimo kimevuka kikomo. Chipu haijui kama feni ni mbovu. Inachojua ni kwamba namba moja ni ndogo au kubwa kuliko namba nyingine. Kwa hiyo kengele ni tokeo la ulinganisho, na katika kila ulinganisho kuna mambo manne yanayoweza kuwa na kasoro:

(a) Kipimo chaweza kuwa si cha kweli.
(b) Kikomo chaweza kuwa kimewekwa vibaya, au hakikuwekwa na mtu yeyote.
(c) Tukio laweza kuwa limekwisha kupita.
(d) Kitu chenyewe chaweza kuwa kimeharibika kweli.

Mtu asiyejua hukimbilia jambo la nne na kuanza kununua vifaa. Mtu aliyejua nusu hukimbilia jambo la pili na kuizima kengele. Mwalimu hupaswa kuyapitia yote manne kwa utaratibu.

Jinsi mwendo wa feni unavyopimwa

Feni ya kompyuta inayopimwa mwendo huwa na waya wa tatu zaidi ya nyaya mbili za umeme. Kwa kawaida feni hutoa mapigo mawili katika waya huo kila inapozunguka mara moja. Chipu huyahesabu mapigo, na programu hupata idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kugawanya kwa mbili. Programu ikidhani kwamba pigo moja ni mzunguko mmoja, itaonyesha mwendo mara mbili ya ule wa kweli. Vilevile, bodi kuu nyingi zina sehemu kadhaa za kuchomekea feni, na mara nyingi baadhi yake huwa tupu. Sehemu tupu husomeka mizunguko 0, na huenda ikaandikiwa ALARM ingawa hakuna feni ya kusimama wala ya kuzunguka.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba katika kompyuta nyingi mwendo wa feni huongozwa na joto. Prosesa ikipoa, feni hupunguzwa. Prosesa ikipata joto, feni huharakishwa. Hivyo feni inayokwenda polepole yaweza kuwa feni nzima kabisa inayotii amri.

Jinsi volteji inavyopimwa

Ndani ya kompyuta mna volteji kuu tatu zitokazo kwenye pawa saplai: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kila moja huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Hivyo ile ya 12 yafaa iwe kati ya 11.4 na 12.6; ile ya 5 kati ya 4.75 na 5.25, na ile ya 3.3 kati ya 3.14 na 3.46. Tena kuna betri ndogo ya mviringo, ya volti 3, inayoiendesha saa ya kompyuta wakati mashine haina umeme.

Chipu ya kupimia haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, kwa kuwa uwezo wake ni volti chache tu. Kwa hiyo watengenezaji wa bodi hutumia vizuizi viwili vya umeme kuipunguza kwanza. Wakitumia kizuizi cha kiloomu 11 na kingine cha kiloomu 1, chipu hupata sehemu moja ya kumi na mbili, yaani volti 1.00. Programu hupaswa kuzidisha kwa 12 ili kupata thamani ya kweli. Volti 5 ikipunguzwa mara tano nayo husomeka 1.00. Na prosesa yenyewe huenda ikatumia volti inayokaribia 1 bila kupunguzwa chochote. Kwa hiyo namba 1.00 kwenye kioo yaweza kuwa volti 12, volti 5, au volti 1 halisi. Ikiwa programu haikuelezwa mpango wa bodi ile, itaonyesha 1.00 katika mistari mitatu na kumwacha msomaji gizani.

Mara nyingi pia vikomo vya volteji havikuwekwa na mtu. Utakuta kikomo cha chini ni 0.00 na cha juu ni 0.00. Hakuna volteji inayofanya kazi inayoweza kukaa chini ya kikomo cha juu cha sifuri; kwa hiyo ALARM itakuwapo siku zote.

Njombe na Makambako: neno moja, chanzo mbalimbali

Turudi sasa kwenye shule zile mbili. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Makambako iko chini kidogo, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Ni mji wa upepo, na wakati wa kiangazi upepo huo hubeba vumbi jingi.

Katika shule ya Njombe, kikomo cha chini cha feni kilikuwa mizunguko 600 kwa dakika. Feni ilisomeka 520. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 29. Kompyuta ilipopewa kazi nzito kwa dakika kumi, joto lilipanda hadi nyuzi 52, feni ikafika mizunguko 1,150, na neno ALARM likaondoka. Kazi ilipokwisha, joto lilishuka, feni ikapungua, na ALARM ikarudi. Feni ilikuwa nzima. Chumba cha baridi kiliifanya mashine isihitaji upepo mwingi, na mwendo uliofaa ukawa chini ya kikomo.

Katika shule ya karibu na Makambako, kikomo kilikuwa 600 vilevile, na feni ilisomeka 540. Mtu aliyetazama mstari huo peke yake angeona hali nafuu kuliko ya Njombe. Lakini joto la prosesa lilikuwa nyuzi 86, na hakuna aliyelitazama. Mashine yenye joto hilo ilikuwa imekwisha kuiamuru feni izunguke kwa nguvu zote, nayo haikuweza kuzidi 540. Ilipofunguliwa baadaye, kipozajoto kilikuwa kimezibwa na vumbi kati ya mapezi yake, na mafuta ya ekseli ya feni yalikuwa yamekauka.

Tofauti ya shule hizi mbili haikuonekana katika neno ALARM, wala katika kipimo cha feni, wala katika kikomo. Ilionekana katika mstari wa joto. Hilo ndilo jambo kubwa la makala haya: kengele isihukumiwe kwa ushahidi wake yenyewe. Atafutwe shahidi wa pili asiyetegemea wa kwanza. Kwa feni, shahidi wa pili ni joto, na wa tatu ni jicho la mtu anayeitazama feni ikizunguka. Kwa volteji, shahidi wa pili ni kipimo cha bayosi mashine inapowashwa, na wa tatu ni multimita mikononi mwa fundi.

Utaratibu wa kuchunguza

Mwanachuo aukariri utaratibu ufuatao na kuutumia kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba mashine ni nzima au mbovu.

1. Soma mara mbili. Chipu nyingi huitunza kengele mpaka isomwe. Umeme uliokatika jana waweza kuacha alama inayoonekana leo asubuhi. Soma, ngoja kidogo, soma tena. Ikiwa ALARM imetoweka mara ya pili, andika kwamba tukio lilipita, kisha uangalie kama litajirudia.

2. Tambua kitu chenyewe. Je, jina lile ni la feni iliyopo, au la mahali patupu? Je, mstari wa volteji ni wa 12, wa 5, au haujulikani? Linganisha na kitabu cha bodi au na kioo cha bayosi.

3. Kagua kikomo. Je, kiliwekwa na mtu kwa sababu fulani, au ni sifuri au namba iliyobaki tu?

4. Tafuta shahidi wa pili. Kwa feni, soma joto mashine ikiwa imepumzika, kisha ikiwa na kazi. Feni nzima inayoongozwa na joto hulifuata joto. Feni mbovu huliacha joto lipande peke yake.

5. Ndipo uchukue hatua. Ikiwa kasoro ni ya kikomo, kirekebishwe katika faili la mipangilio, kisha amri ya sensors -s itolewe na mwenye mamlaka ya mashine. Ikiwa sehemu ni tupu, mstari wake waweza kufichwa. Ikiwa kitu ni kibovu, zima mashine, chomoa waya ukutani, na umwite fundi au usafishe kwa uangalifu.

6. Andika. Daftari la kompyuta liwe na tarehe, kipimo, kikomo, joto, hatua iliyochukuliwa na sababu yake. Daftari lile la Njombe lingekuwapo, likawa na maneno "joto nyuzi 29", kijana wetu angejua la kutazama alipofika Makambako.

Usalama uzingatiwe wakati wote. Pawa saplai isifunguliwe kamwe na mwalimu wala mwanafunzi; huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Anayesafisha feni ashike panga zake zisizunguke, na atumie brashi laini kavu. Wanafunzi wasikaribie mashine iliyofunguliwa ikiwa bado imeunganishwa na umeme.

Kulifundisha jambo hili darasani

Mwanachuo ataweza kuuliza, "Nitafundishaje haya katika darasa la watoto sitini lenye kompyuta moja, au lisilo nayo kabisa?" Somo hili halihitaji kompyuta. Lifuatalo ni andalio fupi kwa Darasa la Sita, kipindi cha dakika 40.

Shabaha: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini kengele moja yaweza kuwa na vyanzo mbalimbali, na ataje swali la kuuliza ili kuvitofautisha.

Zana: baiskeli moja, vijiti viwili, kipande cha kadi ngumu, saa yenye mshale wa sekunde, debe la lita 20, sado la lita 4, mahindi au mchanga, na kadi za matukio.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Mwalimu awaulize wanafunzi: "Mbwa akibweka usiku, je, lazima awe mwizi?" Awaache wataje sababu mbalimbali, kisha aulize, "Utajuaje ni ipi?" Asitoe jibu. Aandike ubaoni maswali yao.

Hatua ya pili (dakika 10). Baiskeli igeuzwe magurudumu juu. Kijiti kimoja kifungwe kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na kadi ishikwe ili kijiti kiigonge kila gurudumu linapozunguka. Mwanafunzi mmoja azungushe pedali polepole. Wengine wageuke nyuma wahesabu milio kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Wakipata milio 20, jibu lao ni mizunguko 80 kwa dakika. Kisha mwalimu, bila kuwaambia, aongeze kijiti cha pili upande wa pili wa gurudumu, na mwendo uwe ule ule. Watahesabu milio 40 na kusema 160. Awageuze watazame. Aulize: "Je, gurudumu liliongeza mwendo?" Hapo wanafunzi watagundua wenyewe kwamba namba yaweza kukosea wakati kitu kiko sawa. Wanaozungusha waonywe wasitie vidole kwenye spoku.

Hatua ya tatu (dakika 10). Mwanafunzi mmoja asimame nyuma ya ubao na vyombo viwili. Apime mahindi kwa sado na kutangaza "moja", kisha apime kwa debe na kutangaza "moja". Darasa liulizwe ni wapi kuna mahindi mengi. Hawataweza kujua mpaka waulize kipimo kilichotumika. Mwalimu aeleze kwamba chipu ya kompyuta nayo hupima volti kubwa kwa chombo kidogo, na asiyejua chombo hicho hawezi kuisoma namba yake. Watoto wanaokwenda sokoni hulielewa jambo hili upesi kuliko walimu wengi.

Hatua ya nne (dakika 10). Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu sita hadi kumi. Kila kikundi kipewe kadi moja, na kiamue kama kasoro iko katika kipimo, katika kikomo, katika wakati, au katika kitu chenyewe. Tena kitaje kilichowaongoza.

Kadi A: Feni 520, kikomo 600, joto nyuzi 29.
Kadi B: Feni 540, kikomo 600, joto nyuzi 86.
Kadi C: Feni 0, mashine ikifunguliwa, hapana feni iliyochomekwa mahali hapo.
Kadi D: Volti 1.00; kikomo cha chini 0.00 na cha juu 0.00.
Kadi E: Betri ya saa volti 2.4, mashine ikichomolewa, tarehe hurudi miaka ya nyuma.
Kadi F: Volti 12 ina kengele baada ya umeme kukatika, ikisomwa mara ya pili, kengele haipo.

Kadi A na B zipewe vikundi vilivyo jirani, ili majibu yao yanapogongana darasa lijadili kwa nini. Hapo ndipo kiini cha somo kilipo.

Hatua ya tano (dakika 5). Kila kikundi kitoe taarifa kwa sentensi moja. Mwalimu arudi kwenye maswali ya mbwa yaliyoandikwa ubaoni, na wanafunzi waonyeshe lipi linafanana na la kadi yao.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kutoa jibu mapema. Mwalimu anayejua huona uvivu wa kungoja, na darasa lenye watoto wengi humsukuma aharakishe. Lakini jibu lililotolewa hufaa kwa mashine moja, na mwanafunzi hulibeba hadi penye mashine nyingine.

Kosa la pili ni kuizima kengele kwa sababu ya usumbufu wake. Kushusha kikomo kutoka 600 hadi 300 katika shule ya Njombe ni sawa, kwa kuwa ushahidi wa joto upo. Kufanya hivyo hivyo katika shule ya Makambako ni kumfunga mdomo shahidi. Tendo ni moja. Kinachohalalisha au kukataza ni uchunguzi uliotangulia.

Kosa la tatu ni kuchanganya umeme wa ukutani na ule wa ndani ya mashine. Mwanafunzi wa Makambako huona nguzo kubwa za njia ya kilovolti 220 iendayo Songea, ambayo ilikamilika mwaka 2018. Nyumbani husikia kwamba umeme ni volti 230. Kisha mwalimu humtajia 12, 5 na 1. Asipoelezwa, atadhani kwamba taa zikififia jioni ndipo volti 12 nayo hupungua kwa kadiri ile ile. Mwalimu achore ngazi ubaoni: volti 220,000 katika njia kuu, 33,000 katika njia za kusambazia, 230 ukutani, 12 ndani ya mashine, na 1 mbele ya chipu. Aeleze kwamba pawa saplai nzima hujitahidi kuishikilia 12 hata umeme wa ukutani ukiyumba. Ikishindwa kabisa, kwa kawaida mashine huzimika. Kwa hiyo volti 12 inayosomeka 11.1 kila siku, ikithibitishwa na multimita, ni dalili ya pawa saplai inayochoka, na lawama isipelekwe moja kwa moja kwenye nguzo.

Kosa la nne ni kudhani kwamba baridi hulinda kila kitu. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi, yapata nne kwa tano tu ya uzito wa hewa ya pwani. Feni ikizunguka kwa mwendo ule ule husukuma hewa kidogo zaidi. Baridi ya Njombe husaidia, lakini chumba kilichofungwa madirisha na kujaa watu adhuhuri si chumba cha alfajiri.

Hitimisho

Kompyuta iliyofungiwa stoo haimfundishi mtoto yeyote. Nyingi hufika huko kwa njia mbili: ama mwalimu aliiogopa kengele isiyo na maana, ama alizoea kuipuuza yenye maana. Njia zote mbili hutokana na kulipokea neno la mashine bila kuliuliza maswali.

Baada ya muhula ule, mwandishi aliwarudia wanachuo wake kwa kadi A na B bila majina ya miji. Aliwataka waseme ni mashine ipi iendelee kutumika na ipi izimwe mara moja. Wengi walipozitazama namba za feni peke yake walikosea. Mmoja wao aliuliza, "Mbona hukutuambia tutazame joto?" Swali hilo lilistahili kuulizwa Njombe, na aliyestahili kulijibu ni mkufunzi. Mwanachuo akumbuke: wanafunzi wake watahamia miji mingine na kukuta mashine nyingine. Awape njia ya kuuliza watakayoweza kwenda nayo.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo manne yanayoweza kusababisha neno ALARM, na utoe mfano mmoja wa kila jambo usiokuwamo katika kadi A hadi F.

2. Shule yako ina thamometa ya kupimia joto la chumba, lakini haina multimita. Ni kengele zipi unazoweza kuzichunguza kikamilifu, na ni zipi utahitaji fundi?

3. Mwalimu mwenzako ameshusha vikomo vyote hadi sifuri "ili mashine ikae kimya". Utamwelezaje hatari yake bila kumvunjia heshima mbele ya wanafunzi?

4. Tayarisha kadi mbili za matukio kutokana na kitu kingine kilichopo shuleni, kama vile pampu ya maji, jiko la shule au kengele ya zamu, ambacho dalili yake moja yaweza kuwa na vyanzo viwili tofauti. Onyesha shahidi wa pili atakayewatofautishia wanafunzi vyanzo hivyo.